Kata Iliyotokomeza Mdondo

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu tumeombwa tusilitumie ovyo lisije likachakaa, Mtukufu Rais alikuwa akipita na msafara wake akaona kuku anavuka barabara. Kuku huyo alikuwa na vifaranga nyuma yake. Hakutazama kulia wala kushoto, na hakusimama kupisha msafara. Mtukufu akasimamisha magari yote, akashusha kioo, akamfuata kwa macho mpaka alipopotelea kwenye mihogo. Kisha akatamka neno ambalo redio ililirudia wiki nzima. Alisema, "Wananchi wangu wanafuga kwa mazoea."

Basi ikawa kazi. Iliundwa Wizara ya Kuku, Mayai na Mengineyo Yatokanayo, na ikapitishwa sheria kwamba mtu asifuge kuku bila kufundishwa kufuga kuku na kupewa cheti. Kuku wa mtu asiye na cheti aliitwa kuku aliye nje ya mfumo, na mtu mwenyewe akaitwa mshukiwa. Hata methali iliguswa. Wazee wetu walizoea kusema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Wizara ikaona methali hiyo inawavunja moyo wawezeshaji, ikaipiga marufuku, na shuleni watoto wakaanza kuimba kwamba mwana wa kuku hufunzwa kuchakura kwa awamu.

Nasimulia haya kwa moyo mkunjufu kwa sababu nilikuwepo, tena nikiwa na cheo. Katika nchi yetu kila kata ina Mpiga Makofi, na wa kata yetu ni mimi. Watu wasiojua huona ni kazi ya mchezo. Mpiga Makofi hukaa mbele, kulia kwa jukwaa. Akianza yeye ndipo umma unaanza, na akinyoosha mkono umma unanyamaza. Kuna makofi ya diwani, ambayo ni mepesi, kuna ya mkuu wa wilaya, na kuna ya waziri ambayo lazima viganja viwake moto. Mwenzangu wa kata jirani aliwahi kumpigia katibu tarafa makofi ya waziri. Hatujui aliko, na mkewe ameacha kuuliza.

*

Wizara iliwagawa wafugaji mafungu mawili, wa kibiashara na wa uani. Wa kibiashara katika kata yetu alikuwa mmoja tu, Bwana Kitundu. Alikuwa na ubao mkubwa barabarani uliochorwa jogoo aliyevaa tai, na alikuwa na shemeji wizarani. Kuku hakuwa nao. Wizara ilitueleza kwamba kuku ni hatua ya mwisho kabisa ya biashara ya kuku, na Bwana Kitundu alikuwa bado anazikamilisha zile za mwanzo zilizo ngumu. Kwa sababu hiyo alisamehewa mafunzo, akapewa zabuni ya kuwapikia wanaofundishwa.

Wafugaji wa uani walikuwa sisi wengine wote, na aliyewapita wote kwa kuku ni Bi Sikitu, jirani yangu wa nyuma. Bi Sikitu alikuwa mjane. Wanawe wawili walikwenda mbali kutafuta maisha, wakayapata, wakabaki nayo huko huko. Uani kwake kulijaa kuku wa kila namna, weusi, madoadoa na vile vishingo visivyo na manyoya shingoni, na kuku hao ndio waliomweka mjini, kama wasemavyo watu. Bati likitoboka, kuku wawili walikwenda sokoni bati likazibwa. Ukitokea msiba, kuku wake walikuwa wa kwanza kufika kwa wafiwa. "Mimi simwombi mtu chumvi," alikuwa akisema, wakati mwingine hata kabla hujamsalimia. Na ilikuwa kweli. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi na hajapata kunigongea mlango kuomba kitu.

Kitu kimoja tu kilimtisha, nacho ni mdondo. Kila mwaka kiangazi kikikaza, ugonjwa huo hupita, kuku wakapinda shingo, wakaharisha kijani, na siku chache baadaye uani kunakuwa kimya. Mwaka ule mdondo ulikuwa umeshafika tarafa ya jirani. Kwa hiyo mafunzo yalipotangazwa, na redio ikasema yatakuja na chanjo, Bi Sikitu aliamka alfajiri akawa wa kwanza kujiandikisha.

"Tone moja tu jichoni, jirani," aliniambia, huku akinionyesha kwa kidole kwenye jicho lake mwenyewe. "Tone moja, na mdondo unapita njia. Hawa wakipona mwaka huu, sina shida na mtu."

Nilimpigia makofi madogo, ya nyumbani.

*

Lazima sasa nieleze habari ya firigisi, maana mgeni asiyejua mila zetu anaweza kutuona tuna ulafi.

Kwetu mgeni akichinjiwa kuku hupewa firigisi. Unaweza kumnyima paja, unaweza hata kumnyima kiti, lakini ukimnyima firigisi umemwambia hukumtaka. Serikali yetu, kwa kuwa inaheshimu mila, iliichukua desturi hii ikaiingiza katika Itifaki ya Taifa. Ikaamriwa kwamba kila mgeni rasmi apate firigisi yake, nzima. Kuigawa ni kosa. Mpishi mmoja aliyewahi kuikata vipande viwili alishtakiwa kwa kuligawa taifa.

Sasa mafunzo yalikuwa na mada kumi na mbili, na kila mada ilifunguliwa na mgeni rasmi. Mgeni rasmi haji peke yake. Huja na msaidizi, na msaidizi huja na katibu, na katibu ana dereva, na kila mmoja wao, ukiacha gari, ni mgeni. Baadaye ikaonekana haifai mada kufunguliwa bila kufungwa, kwa hiyo akawa anakuja mgeni wa kufunga naye na watu wake. Na kuku ana firigisi moja. Jambo hili lilithibitishwa kitaalamu na mwezeshaji wetu mkuu, Dakta Mshighati.

Kuku walitoka kwa washiriki wenyewe. Kila asubuhi mshiriki alifika na kuku aliyeitwa kuku wa mazoezi, na aliyekuja mikono mitupu hakuandikwa kuwa amehudhuria. Saa nne tulimshika kuku, tukamgeuza, tukamtazama. Saa sita alikuwa kwenye sufuria la Bwana Kitundu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na kweli wageni walikuja. Firigisi zilikwenda meza kuu, mapaja yakafuata kwa ngazi za vyeo, na sisi washiriki tukapewa mchuzi. Ulikuwa mchuzi mzuri, una chumvi.

*

Dakta Mshighati alikuwa amesomea kuku katika nchi ya baridi sana ambako kuku huonekana wakiwa vipande. Manyoya yalimpigisha chafya, kwa hiyo alifundishia upande wa pili wa dirisha. Tulimsikia vizuri.

"Ndugu washiriki," alisema siku ya kwanza, "kabla hatujamzungumzia kuku kama kuku, hatuna budi kumzungumzia kuku kama dhana."

Nikaanzisha makofi. Bi Sikitu alingoja yaishe, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Chanjo tunapata lini? Mdondo umeshafika hapo jirani."

"Mama, chanjo ni mada ya kumi na mbili. Leo tuko mada ya kwanza, Kuku na Mshikamano wa Kitaifa. Sasa ukirukia kuchanja, utachanja nini?"

"Nitachanja kuku, mwalimu."

Dakta alicheka kwa upole, na wageni wa meza kuu nao wakacheka kwa upole. "Mnaona," alisema. "Hayo ndiyo mazoea tunayoyapiga vita."

Chanjo yenyewe ilikuwepo pale pale. Ilikuja siku ya ufunguzi ndani ya deli la barafu, chupa ndogo ndogo zimepangwa vizuri. Lakini siku hiyo jua lilikuwa kali, na Afisa Itifaki wa wilaya, Bwana Lupembe, kijana mtanashati anayetembea na kalamu tatu mfukoni, akaona maji ya mgeni rasmi yanapata joto. Akazitoa zile chupa, akaweka maji na soda. Chupa za chanjo zikapangwa juani kwenye meza yenye kitambaa cheupe, na mbele yake kikawekwa kibao kilichosema MAONYESHO.

Bi Sikitu alipoziona alisimama akavua khanga yake ya juu akazifunika. Bwana Lupembe akaja akaifunua, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Unaziba maonyesho, mama."

"Jua linazichoma, mwanangu. Zirudishe kwenye barafu."

"Na maji ya mheshimiwa yakichemka, atajibu nani? Utajibu wewe?"

Kesho yake alizifunika tena na Bwana Lupembe akazifunua tena, na ikawa hivyo mada hadi mada, mpaka wageni wakazoea kuwangojea kama burudani ya kabla ya chakula.

*

Washiriki wengi walianza kupungua. Kuku wa kwanza ukimtoa ni uzalendo, wa pili unakuwa mchango, na kuanzia wa tatu mtu huanza kuumwa mgongo. Lakini Wizara ilikuwa imeliona hilo mapema. Aliyekosa siku moja alirudishwa mada ya kwanza, na aliyerudishwa mada ya kwanza alikuwa mbali na chanjo.

Bi Sikitu hakukosa hata siku. Wengine walipokosa kuku wa mazoezi, na meza kuu imeshajaa, Bwana Lupembe alimgeukia yeye kwa kuwa ilijulikana anao. Nilimwona mara nyingi asubuhi akisimama uani na kikapu, akiwatazama, akimwinamia mmoja akamwacha, akamwinamia mwingine.

Nilimuuliza ukutani, kwa nia njema, kama haoni wanaisha.

"Naona," alisema. "Lakini nikikosa leo nimekosa chanjo, na nikikosa chanjo wanakufa wote. Bora nitoe huyu wapone wale. Wakibaki watano tu wenye chanjo, mwakani nina uani tena."

Hesabu hiyo nilimsikia akiirudia baadaye akiwa na wanne, na akiwa na wawili.

Mada ya kumi na mbili ilifika. Ilifunguliwa na watu wengi kuliko nyingine zote, kwa sababu neno chanjo lilikuwa limesikika mpaka mkoani, na kila idara ilituma mwakilishi. Kuku wote walioletwa asubuhi hiyo walikwenda jikoni kabla ya saa nne. Ilipofika wakati wa kuchanja hapakuwa na wa kuchanjwa. Dakta Mshighati hakutetereka. Alichora kuku ubaoni kwa chaki, kuku mzuri mwenye jicho kubwa, akaagiza mshiriki mmoja apande juu ya kiti amdondoshee tone. Tone likadondoka jichoni, chaki ikachuruzika mpaka kwenye mguu. Wageni walisema hawajapata kuona chanjo inayoeleweka namna ile.

"Mwalimu," alisema Bi Sikitu, "hizo zilizobaki nipe nikapeleke nyumbani."

"Chanjo ni mali ya umma, mama. Haiwezi kwenda kwa mtu binafsi."

Zilizobaki zikamwagwa chini ya mpapai, kwa mujibu wa mwongozo, na chupa zikarudishwa makao makuu.

*

Wiki iliyofuata mdondo ulifika katani kwetu. Ulipita mtaa kwa mtaa, ukakuta mabanda yamefagiliwa, ukaendelea na safari yake. Hakufa kuku hata mmoja.

Wizara ilipopata habari hizi haikuamini, ikatuma wataalamu wakahesabu mizoga, na wataalamu wakarudi na taarifa kwamba hakuna mizoga. Katika historia ya nchi yetu ilikuwa haijapata kutokea. Redio ikatangaza kwamba kata yetu imeutokomeza mdondo kwa njia ya elimu, na kwamba Mheshimiwa Waziri mwenyewe atakuja kutunuku vyeti. Nilifanya mazoezi ya viganja siku hiyo hiyo.

Furaha ya Bwana Lupembe ilikuwa na doa moja. Waziri angekuja, Waziri ni mgeni kuliko wageni wote, na katika kata nzima hapakuwa na firigisi. Kununua kata jirani kulikatazwa, kwani huko kulikuwa na mdondo. Alizunguka mitaani mchana kutwa, tai imelegea, akisikiliza nyua za watu. Nilikuwa nimepewa kazi ya kumsindikiza. Tulipofika nyuma ya nyumba yangu tukamwona kuku.

Alikuwa koo, yaani kuku anayelalia mayai, kishingo mwenye rangi ya majivu. Koo huacha mayai mara moja kwa siku, akatoka kula haraka haraka na kunywa maji, akarudi. Huyu aliparura mara mbili tatu, akajikung'uta vumbi, akakimbilia ndani kwa Bi Sikitu. Tukamfuata. Tulimkuta uvunguni mwa kitanda, ndani ya tenga lenye nyasi, ameshakaa na amejifutua manyoya. Bi Sikitu alikuwa amesimama kati yetu na kitanda.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Lupembe.

"Marahaba. Huyu hapana, mwanangu."

"Ni wa Mheshimiwa Waziri."

"Huyu analalia. Mayai yameiva, yamebaki siku mbili tatu. Weka sikio, utasikia wanavyolia ndani." Akapiga magoti, akatoa yai moja, akalisogeza kwenye sikio la Bwana Lupembe. Bwana Lupembe alisikiliza kwa heshima. "Unasikia? Hata wakubwa walituambia, kuku mwenye watoto halengwi jiwe."

"Hatumlengi jiwe, mama," alisema Bwana Lupembe. "Tunatumia kisu."

"Nimewapa wote. Jirani huyu shahidi. Nimetoa wote, sijabishana hata na mmoja. Niachie huyu. Nikae bila cheti, sikitaki, niachie huyu."

"Mama, wewe ndiye mhitimu bora. Umehudhuria kila mada, umetoa kuku kuliko mtu yeyote. Utatunukiwa na Waziri mwenyewe kwa mkono wake. Sasa ukimnyima firigisi mtu anayekuja kukutunuku, nchi itatuonaje?"

Akaingia uvunguni mwenyewe na suruali yake ya kijivu, akamtoa koo, ambaye alimdonoa mkononi mpaka damu ikatoka. Bwana Lupembe hakulipiza. Mayai hakuyagusa.

"Mayai tunakuachia," alisema mlangoni. "Serikali si mnyang'anyi. Ila yakianguliwa utoe taarifa, kwa sababu kifaranga anayezaliwa katikati ya mafunzo ni kifaranga wa mafunzo."

Niliguswa na ukarimu huo, nikasahau kupiga makofi. Tulimwacha Bi Sikitu kaweka kiganja juu ya mayai, ambayo yalikuwa bado ya moto.

*

Siku zilizofuata Bi Sikitu alibadilika mwendo. Alitembea ameegemea nyuma, hatua ndogo ndogo. Hakuinama kufagia. Alikuwa anavaa khanga tatu katika joto lile, moja ameifunga chini ya matiti kwa nguvu, na kifua chake kilikuwa kimejaa kuliko umri wake. Nilipompita kisimani alikuwa ameketi juu ya jiwe, hajateka maji, anangoja mtu wa kumtekea. Nilijua hapo hapo. Bibi yangu aliwahi kuliangua yai la bata kwa namna hiyo, kifuani, na watu walikuja kumtazama kutoka mbali.

"Yako mangapi?" nilimuuliza.

"Saba," alisema. "Usiseme."

"Sitasema."

"Nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Jana wameanza kugogota. Jirani, hebu niombee ruhusa kesho nisiende kwenye vyeti. Siwezi kukaa kwenye watu hivi."

Nilikwenda kumwombea, nikasema ana homa. Bwana Lupembe akajibu kwamba mhitimu bora hawezi kuwa na homa, jina lake limeshachapwa. Akatuma mgambo wawili waende kumsindikiza asubuhi, wamshike mkono taratibu, kwa sababu ya homa.

*

Sherehe ilipangwa saa tatu na Waziri akafika saa nane, kama inavyopasa. Wahitimu walikuwa wamesimama juani. Bi Sikitu alisimama mbele yao, mikono ameikunja juu ya kifua chake bila kugusa, jasho linamtiririka usoni, na alikuwa anatabasamu kidogo. Nilielewa tabasamu hilo. Joto lile lilikuwa zuri kwa mayai.

Kwanza ililetwa firigisi. Ilikuja juu ya sahani ya udongo mweupe, chini ya kawa, ikibebwa na Bwana Kitundu mwenyewe akiwa na kofia ya mpishi. Mheshimiwa Waziri alifunua kawa, akaitazama, akashika kifundo cha mguu wake. "Daktari wangu amenikataza vitu hivi," alisema. "Nina jongo." Akaomba apigwe picha nayo, kisha sahani ikasogezwa pembeni, nzi wakaja. Bi Sikitu aliitazama sahani ile mpaka ilipoondolewa.

Hotuba ilikuwa ndefu na ya kuelimisha. Waziri alisema kwamba nchi nyingine hupambana na magonjwa ya kuku kwa kuwahangaikia kuku, lakini sisi tumekwenda kwenye mzizi. Alisema sasa mfugaji wetu yuko huru, hafungwi na banda, halazimiki kuamka mapema. Viganja vyangu vikawaka moto. Kisha akaita jina la mhitimu bora, na Bi Sikitu akapanda ngazi za jukwaa kwa mwendo wake ule, mgambo mmoja kila upande.

Alipokea cheti kwa mkono mmoja. Watu wakanong'ona, maana hiyo ni dharau, lakini Waziri alikuwa mtu mnene mwenye mapenzi na wananchi, hakujali. Akafungua mikono yote miwili. Bi Sikitu akarudi nyuma hatua moja, akakuta mgambo.

"Usiogope, mama," alisema Waziri. "Sisi ni watumishi wenu."

Akamvuta, akambana kifuani. Nilikuwa karibu, kulia kwa jukwaa, nikasikia. Mpiga picha mmoja alikuwa anabadilisha betri, akaomba Mheshimiwa arudie, na Mheshimiwa, ambaye hana makuu, akarudia. Bi Sikitu hakupiga kelele. Alifumba macho. Maji ya rangi ya waridi yalianza kupenya kwenye khanga ya juu, na watu wa mbali walidhani ni jasho.

Kisha ikasikika sauti. Kipaza sauti cha Waziri kilikuwa kwenye ukosi wa koti lake, na kikaichukua sauti ile kikaipeleka kwenye spika zote. Piyo. Ilikuwa ndogo, imekwaruza. Piyo.

Bwana Lupembe aligeuka na kalamu zake tatu. Akatazama chini ya meza, akatazama kwenye maua, halafu akamtazama Bi Sikitu kifuani, na nikaona anaanza kuelewa. Bi Sikitu naye aliona. Akafumbua mdomo, mwanamke wa umri ule, mbele ya umati wote ule, akalia kwa sauti yake mwenyewe. "Piyo," alisema. "Piyo, piyo."

Waziri alicheka mpaka akashika kitambi. "Mnaona ndugu zangu? Huyu elimu imemwingia mpaka kwenye damu. Sasa nataka umma wote umuunge mkono." Akanitazama mimi.

Katika mwongozo wa makofi hakuna kitu kama hicho, lakini kazi ni kazi. Nilisimama nikainua mikono, nikatoa sauti, na kata nzima ikapokea. Diwani alilia piyo, Bwana Kitundu alilia na kofia yake, Dakta Mshighati alilia kutoka mbali alikokaa kukwepa manyoya, mgambo walilia wakiwa wamesimama wima, na wanawake waliokuwa wameleta kuku zao mmoja mmoja mpaka wakaisha walilia nao. Waziri alipiga mapigo kwa mkono hewani. Ilichukua muda mrefu sana, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyetaka kuonekana ameacha wa kwanza. Bi Sikitu alikuwa katikati, midomo yake inacheza kama ya wengine, lakini hatukuweza kumsikia. Mkono wake mmoja ulikuwa umeingia ndani ya khanga.

Waziri alipochoka alinipa ishara, nami nikanyoosha mkono. Umati wote ukanyamaza kwa mara moja, jambo ambalo nilisifiwa kwalo baadaye. Bi Sikitu naye akanyamaza. Akainamisha kichwa, akasikiliza. Nami nikasikiliza, maana nilikuwa nimeshajua kinachosikilizwa. Turubai lilikuwa linapigwapigwa na upepo, na hakukuwa na sauti nyingine. Mkono wake ulitafuta ndani ya khanga upande huu, ukatafuta upande wa pili, ukatulia. Iliniuma, nasema wazi, ijapokuwa sikuwa na ruhusa ya kuumia siku hiyo.

Bwana Lupembe alikuwa bado anamtazama. Bi Sikitu akainua uso, akamtazama na yeye, akaanza tena, safari hii peke yake. Piyo, piyo. Waziri akamwambia imetosha, mama, asante sana, nenda ukakae. Hakwenda kukaa, wala hakunyamaza.